Cheo cha Shule na Hesabu ya Watoto

Baraza la Mitihani lilipotangaza, mwezi wa Januari 2023, matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia, jambo moja tulilolizoea halikusikika: shule kumi bora na wanafunzi kumi bora hawakutajwa. Baraza lilieleza kwamba desturi ile haikuwa na tija.

Sisi hatukuililia orodha ile. Shule inayochuja wanafunzi mlangoni kwa mtihani wake yenyewe, ikawalaza bwenini na kuwapa mwalimu wa kila somo, haiwezi kushindanishwa kwa haki na shule ya kata, ambayo humpokea kila mtoto aletwaye, hata aliyetembea saa nzima kwa miguu asubuhi. Sifa zile kwa kweli zilikuwa tangazo la bure kwa wauzaji wa elimu.

Lakini yuko mfanyakazi wa bandarini au wa kiwandani ambaye hana haja ya kujua nani wa kwanza Tanzania nzima. Yeye auliza: je, shule ya mtaani kwetu yamfundisha mwanangu, au yamtunza tu mpaka jioni? Huyu ana haki ya kujibiwa. Matokeo ya shule moja moja hutolewa hadharani, naye aweza kuyasoma. Twamwonya, hata hivyo, asiyasome nusu.

Mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 kupewa daraja sifuri, na matokeo yenyewe kufutwa na kupangwa upya, Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Chini ya mpango huo shule za msingi zilipewa vyeo, kitaifa na kiwilaya, kwa wastani wa alama za Darasa la Saba. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichunguza yaliyofuata. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinuka kweli. Hilo ni jema, wala hatulifichi. Lakini waliona pia kwamba shule zilizobanwa hivyo zilipunguza watoto katika darasa la mwisho.

Tafakarini maana yake, ndugu wasomaji. Wastani ni alama zikigawanywa kwa idadi ya waliokaa kwenye mtihani. Mtoto mzito wa kusoma akikariri darasa, au mzazi wake akiitwa faraghani na kushauriwa amhamishe, wastani wapanda ingawa hakuna aliyefundishwa hata herufi moja zaidi. Mwalimu Mkuu apongezwa, afisa apeleka taarifa nzuri juu, na mtoto yule yuko sokoni anauza karanga. Ni nani atakayemwulizia, ikiwa jina lake halimo tena katika hesabu?

Kwa hiyo hatuafiki ukimya, wala hatuitaki orodha ya zamani irudi. Twataka ubao wa matangazo wa kila shule uonyeshe, kando ya idadi ya waliofaulu, idadi ya waliopimwa Darasa la Nne na ya waliofika mtihani wa kumaliza. Hesabu hizi zipo. Hazihitaji tume wala semina. Ubao huo huo uonyeshe pia walimu waliopo na wanaopungua, maana si haki kumsulubu Mwalimu Mkuu kwa ajili ya mwalimu wa hisabati ambaye halmashauri haikumpeleka. Ikiwa shule yawajibishwa, na mwenye kugawa walimu asimame hapo hapo.

Vikao vya wazazi huwa na watu wachache, nasi wanaume ndio wavivu zaidi wa kuhudhuria. Kikao kijacho, msomaji, nenda. Ukisomewa kwamba ufaulu umepanda, piga makofi. Kisha uombe kwa adabu daftari la wanafunzi wa Darasa la Nne wa mwaka ule, yasomwe majina moja moja, ijulikane kila mmoja yuko wapi leo.