Tofauti Baina ya Jicho na Jicho

Ukikiinua kidole cha shahada mbele ya pua yako, umbali wa shibiri moja, kisha macho yako ukayaelekeza kwenye mlango ulio mwisho wa chumba, utaona vidole viwili; na ukilifumba jicho la kulia, ukalifumbua na kulifumba la kushoto, kidole kitaonekana kuruka upande huu na upande ule, ilhali mkono haukutikisika hata kidogo. Kila mtoto hucheza mchezo huu, na ndani yake mna elimu kubwa ajabu. Mboni za mtu mzima zimeachana kwa takriban milimita 63, na kwa sababu ya nafasi hiyo kila jicho huutazama ulimwengu kutoka mahali pake, likapata taswira isiyolingana kabisa na ile ya mwenziwe. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kitu kilicho karibu, nayo hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Ndiyo sababu atiaye uzi katika tundu la sindano huhitaji macho yote mawili, lakini atazamaye mlima upeoni hapati faida yoyote kwa kuwa nayo mawili.

Wanazuoni wa kale walilijua jambo hili, ila lililowashughulisha zaidi ni swali jingine: macho yakiwa mawili, mbona kitu huonekana kimoja? Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kuu Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alilijibu katika Kitab al-Manazir kwa kujaribu, wala hakuridhika na kukisia. Alitwaa ubao mrefu, akauchonga ncha moja ili uipokee pua, akasimamisha vipande vya nta juu yake, kisha akakikazia macho kimojawapo: hicho kilionekana kimoja, na vilivyokuwa mbele na nyuma yake vikaonekana viwili viwili. Alikuwa amelifikia jambo lenyewe, na yapasa tumpe heshima yake; hata hivyo tofauti ya taswira za macho mawili haikupata kuthibitishwa kuwa ndiyo inayotupa kina cha vitu hadi zilipopita zaidi ya karne nane.

Aliyelithibitisha hilo ni Charles Wheatstone wa London, mwaka 1838. Alichora umbo moja mara mbili kwa mistari mitupu, mchoro mmoja kama lionwavyo na jicho la kulia na wa pili kama lionwavyo na la kushoto, akaiweka michoro hiyo kuume na kushoto kwa vioo viwili vilivyokutana kwa pembe mraba mbele ya mtazamaji, ili kila jicho lisione ila mchoro wake. Papo hapo mistari iliyolala juu ya karatasi ikasimama, ikawa umbo lenye mbele na nyuma. Hapakuwa na kivuli wala rangi ya kumdanganya mtu. Palikuwa na tofauti baina ya michoro miwili, basi.

Lakini je, ubongo hulitambua umbo kwanza, ndipo ukalinganisha? Béla Julesz, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alilijibu swali hili mwaka 1960 kwa picha mbili za nukta zilizotawanywa ovyo na kompyuta. Picha hizo zililingana, isipokuwa nukta za mraba wa katikati zilizosogezwa kando kidogo katika moja yao. Atazamaye kwa jicho moja haoni ila vumbi la nukta. Kila jicho likipewa picha yake, mraba hujitokeza ukaelea hewani. Kumbe ubongo hulinganisha hata kabla ya kujua unalinganisha nini! Na kweli, mwaka 1967 zikapatikana katika ubongo wa paka chembe zinazopokea habari za macho yote mawili na kuitikia kadiri maalumu ya tofauti hiyo.

Uwezo huu wa kuona kina mtoto hazaliwi nao. Hujitokeza baina ya mwezi wa tatu na wa tano, macho yanapojifunza kuelekea mahali pamoja. Mwenye makengeza tangu uchanga hupata taswira mbili zisizopatana, na ubongo, kwa kuikimbia taabu hiyo, huipuuza mojawapo. Haendi kama kipofu, kwani vivuli, ukubwa wa vitu na mwendo wa kichwa humwongoza. Lakini kina chenyewe hakioni. Susan Barry, mtaalamu wa ubongo wa Marekani, aliishi hivyo mpaka alipokaribia umri wa miaka 50, ndipo mazoezi ya macho yakamfungulia mlango. Siku moja akiwa garini aliuona usukani ukijitokeza mbele yake, ukiwa peke yake hewani, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Wengi hawafikii bahati hiyo wakiwa watu wazima, na kwa hiyo huniuma kusikia mzazi akiambiwa amwache mtoto, makengeza yataondoka yenyewe. Jicho la mtoto mchanga likipotoka mara moja moja katika miezi ya mwanzo si ajabu. Likiendelea kupotoka baada ya mwezi wa nne, ni haki yake kupelekwa kwa daktari wa macho, ambaye aweza kumpa miwani, au kulifunika jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku ili lililo dhaifu lilazimike kufanya kazi, au kuirekebisha misuli ya jicho kwa upasuaji, wakati ubongo wake ungali mwepesi wa kujifunza.