Rangi Si Dalili: Jinsi ya Kutambua Mabehewa Yafananayo

Illasit haina reli, lakini ni watu wachache wa nchi hii wanaokutana na treni za namna nyingi kama wakazi wake. Mkulima wa vitunguu mwenye shauri la Nairobi hufuata barabara ya Loitokitok hadi Emali, na pale hupanda treni ya reli mpya isimamayo vituoni. Afikapo Syokimau bado hajaingia mjini. Hapana budi ashuke na kutafuta treni ndogo ya kumfikisha Stesheni Kuu ya Nairobi. Naye mwenye ndugu au biashara upande wa pili huvuka mpaka kwenda Tarakea, akateremka Moshi, na mwisho wa safari yake hujikuta Dar es Salaam, mji wenye reli za namna tatu.

Basi msafiri huyu, akiulizwa amepanda treni gani, mara nyingi hujibu, "Ile nyeupe," au, "Ile yenye mstari mwekundu." Jibu hilo halifai. Rangi hupakwa leo na kubadilishwa mwaka ujao, na mabehewa ya namna mbili yaweza kupakwa rangi moja. Yako mambo mengine yasiyobadilika kwa brashi ya fundi, na kila mwenye macho aweza kuyajua. Kuyajua huokoa wakati, huokoa mali, na kama tutakavyoona, huweza kuokoa maisha.

UPANA WA NJIA

Jambo la kwanza ni kutazama chini. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, yaani futi 3 na inchi 3 na zaidi kidogo. Ndiyo reli ipitayo Konza, na tawi lake la kwenda Magadi, lililojengwa kwa ajili ya magadi ya ziwani na kumalizika mwaka 1915, ndilo lipitalo mji wa Kajiado. Reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435, yaani futi 4 na inchi 8 na nusu.

Behewa la njia moja haliwezi kuingia njia nyingine. Hii ndiyo sababu abiria kutoka Emali hushushwa Syokimau, ijapokuwa angependa kuketi mahali pake hadi katikati ya mji. Mwenye kufahamu hivyo hatasubiri treni yake iendelee, wala hatamlaumu karani wa tikiti.

Jihadhari pia na jina la Syokimau. Kiko kituo cha Syokimau cha treni za mjini, kilichofunguliwa mwaka 2012, na iko stesheni kubwa ya reli mpya katika mtaa huo huo. Ni mahali pawili mbalimbali. Kabla ya kupanda treni Nairobi, uliza waziwazi: "Hii yafika stesheni ya reli mpya, au yaishia kituo cha mjini?" Swali hilo moja laweza kukuokolea tikiti ya Emali.

INJINI IKO WAPI?

Sasa tuzitazame treni zinazobeba wafanyakazi wa Nairobi asubuhi na jioni. Zote hupita katika njia ya mita moja, na mtu akizitazama kwa mbali huona mabehewa tu. Lakini ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni mabehewa yanayovutwa. Mengi ya mabehewa haya ni ya ukoo wa Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda pamoja na reli ya Tanganyika. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mali yake iligawanywa, na ndiyo maana msafiri aweza kuona behewa la Nairobi na la Dar es Salaam akadhani ni ndugu wa tumbo moja. Behewa la namna hii halina nguvu yake lenyewe. Lina viti, madirisha, milango na breki, basi. Likisimama bila kichwa cha treni haliwezi kwenda popote.

Namna ya pili ni treni zijiendeshazo, ambazo wenyeji wa Nairobi huziita kwa herufi tatu, DMU. Kenya ilinunua seti 11 za namna hii kutoka Uhispania, zikaanza kazi mwaka 2020. Hazikuwa mpya. Zilitengenezwa na kiwanda cha CAF, zikatumika kwanza katika kisiwa cha Mallorca. Msomaji atauliza, kwa nini zikatafutwa mbali hivyo? Jibu ni lile la upana wa njia: reli ya Mallorca nayo ni ya mita moja, hali reli nyingi za Ulaya ni pana zaidi. Treni hizi ziliweza kuteremshwa Mombasa na kutumika bila kubadilishiwa magurudumu.

Katika treni ya DMU hakuna kichwa cha kuvuta. Injini za dizeli zimefungwa chini ya sakafu, na abiria huketi juu yake. Dalili zake ni hizi:

Kwanza, tazama ncha zote mbili za treni. Ukiona kila ncha ina kioo kikubwa cha dereva na taa zake, hiyo ni DMU. Treni ya kuvutwa ina kichwa upande mmoja, na upande wa pili huishia kwa ukuta wa behewa.

Pili, sikiliza ukiwa umeketi. Katika DMU sakafu hutetemeka kidogo na mngurumo hutoka miguuni, hata treni ikiwa imesimama. Katika behewa la kuvutwa mngurumo hutoka mbali, kule mbele, na treni ianzapo kwenda utasikia mshtuko ukipita kutoka behewa hadi behewa.

Tatu, tazama yatendekayo mwisho wa safari. Treni ya kuvutwa hufunguliwa kichwa, nacho huzunguka kwa njia ya pembeni ili kufungwa upande wa pili. Katika DMU dereva hutoka chumba kimoja, akatembea hadi chumba cha ncha nyingine, na treni ikarudi ilikotoka.

MKIA ULIO KICHWA

Hapa ndipo maarifa haya yanapokuwa jambo la uhai. Watu wengi waliokua karibu na reli wamezoea kwamba hatari iko upande wa injini. Wachungaji, wachuuzi na watoto wa shule hupita nyuma ya treni iliyosimama bila wasiwasi, kwa kuwa tangu zamani wameona upande huo ni mkia tu.

Desturi hiyo haifai kwa DMU. Treni hii haina mkia. Ncha iliyokuwa nyuma dakika tano zilizopita yaweza kuwa ndiyo ya mbele sasa, na yaweza kuondoka kukuelekea pasipo wewe kuona kichwa chochote kikifungwa. Hata treni ya kuvutwa haiaminiki kabisa, kwa maana katika stesheni kubwa mabehewa husukumwa kinyumenyume yanapopangwa. Kwa hiyo shika kanuni moja kwa treni zote: usivuke karibu na ncha ya treni iliyosimama, na usipite kamwe kati ya behewa na behewa. Treni haiwezi kukwepa, na hata breki zikifungwa zote huendelea mbali kabla ya kusimama.

Mafundisho haya yawahusu hasa watu wa Kajiado na Kitengela. Reli mpya imejengwa juu ya matuta na madaraja, ikazungushiwa ua sehemu nyingi, na mifugo imewekewa mahali pa kupita chini yake. Njia ya zamani haina ulinzi wa namna hiyo. Mwenye ng'ombe asiwaache watoto wake wajifunze jambo hili kwa msiba.

MAPACHA WA DAR ES SALAAM

Dar es Salaam inatupa mfano mwingine mzuri. Mwezi wa Oktoba 2012 zilianza pale treni mbili za kubeba watu wa mjini. Moja ilitoka Stesheni, katikati ya mji, kwenda Ubungo kwa njia ya reli ya kati. Ya pili ilitoka stesheni ya TAZARA kwenda Mwakanga. Zote mbili zilikuwa za mabehewa ya kuvutwa na injini za dizeli, na mgeni angeweza kuziita pacha.

Lakini reli ya kati ni ya mita moja, na ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ni ya milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6. Tofauti ni milimita 67, isiyofikia upana wa vidole vinne. Kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la huku haliwezi kwenda kule.

Reli mpya ya umeme ya Tanzania ilianza kubeba abiria mwaka 2024, nayo ina namna mbili za treni pia. Ya kwanza huvutwa na kichwa cha umeme. Ya pili, iliyoanza mwezi wa Novemba mwaka huo, hujiendesha yenyewe, na kwa kuwa pua yake imechongoka watu wameiita "mchongoko". Jina hilo ni zuri, kwa maana limetokana na umbo. Wenye kuliita hivyo wametazama kitu kisichofutika kwa rangi.

NAMBA NDIYO JINA

Dalili ya mwisho ni namba iliyoandikwa ubavuni mwa behewa. Mabehewa kumi yaweza kufanana kwa kila kitu, lakini namba zao hazifanani. Kabla ya kuketi, isome na kuiandika nyuma ya tikiti, pamoja na saa ya kuondoka. Ukisahau mfuko wako, hutamwambia msimamizi wa stesheni, "Niliuacha katika lile behewa la buluu," hali anayo mengi ya buluu. Utamtajia namba, naye atajua pa kutafuta.

Basi, msomaji, safari ijayo usitazame rangi. Tazama upana wa njia, tafuta injini iliko, kagua ncha zote mbili, kisha isome namba. Na urudipo nyumbani, wafundishe watoto hasa lile la ncha mbili, kwa kuwa wao ndio wavukao reli kila siku.