Nakala Si Gitaa la Pili

Swali ni lile lile, na mwaka huu limenijia mara nyingi hata nimechoka kulijibu kwa mdomo: "Fundi, mpiga gitaa amekwisha ondoka, si naweza kuinakili traki yake, moja nikaitia kushoto na nyingine kulia, hii ya kulia nikaichelewesha milisekunde 10, nikapata magitaa mawili?" Huwezi. Utapata gitaa moja lenye kivuli, na siku wimbo utakapotoka katika spika moja, kivuli hicho kitageuka kimle mwenyewe.

Watetezi wa hila hii aghalabu hulitaja jina la Helmut Haas, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1949 huko Göttingen alichunguza jinsi mwangwi unavyoathiri usikivu wa maneno. Na ajabu ni kwamba wengi wamelichukua jina wakaiacha hoja. Sauti moja ikifika mara mbili kwa kupishana milisekunde chache, sikio halihesabu mbili, bali huzifanya moja na kuhukumu kuwa imetoka upande uliotangulia. Kwa hiyo, hata mbele ya spika mbili za fahari, gitaa la pili halipo: lipo lile la kushoto, limezungukwa na ukungu wa upana ambao msikilizaji ataufurahia maadamu kushoto na kulia havijakutanishwa.

Navyo vitakutanishwa. Matangazo ya FM ya stirio yenyewe yameundwa yabebe kwanza jumla ya pande mbili, kisha tofauti yao ipandishwe juu ya mkondo wa kilohezi 38, hivyo redio ya mono hupokea jumla peke yake. Na redio nyingi za magari, gari linapotoka mjini na mawimbi yakafifia, huiacha stirio kidogo kidogo pasipo dereva kutambua. Ongeza simu yenye spika moja, na ukumbi wa harusi ambako fundi mitambo ameunganisha kila kitu kuwa mkondo mmoja.

Hapo hesabu hudai haki yake. Katika milisekunde 10, wimbi la hezi 50 limekwenda nusu ya mzunguko, hivyo kilele cha nakala huangukia bonde la asili, na jumla yake ni sifuri. Ndivyo ilivyo kwa hezi 150, 250, 350 na kuendelea, ilhali hezi 100, 200 na 300 huongezeka maradufu. Sauti hukatwa mithili ya meno ya kitana. Sasa liweke gitaa juu ya kitana hicho: uzi wa nne usioshikwa, ambao ni D, hulia kwa takriban hezi 147, na uzi wa pili, B, kwa hezi 247, nazo zote mbili zimedondokea mapengoni, ambamo sauti yao ya msingi hubakia kama sehemu 1 ya 10 ya ile ambayo ingepatikana, na baina yao uzi wa tatu, G, wenye hezi 196, hutoka umevimba. Mpiga gitaa aliyetumia saa nzima kusawazisha vidole vyake amevurugiwa kazi na mtu aliyebonyeza vitufe viwili. Ukisema utachelewesha milisekunde 15 badala ya 10, hukuyaziba mapengo, umeyahamisha.

Binamu ya hila hii ni mbaya zaidi: nakala ile ile isiyocheleweshwa, ila upande mmoja umegeuzwa kwa kitufe chenye alama ya Ø, ati gitaa lipanuke. Katika mono hilo halipungui, hutoweka lote. Kijana mmoja aliniletea wimbo wa namna hiyo akilalamika kuwa redio imeliiba gitaa lake. Redio haikuiba kitu, ilijumlisha.

Huambiwa pia kwamba Waingereza walifanya. Ni kweli kuwa mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI katika Abbey Road, aliwabunia The Beatles njia ya kuzidisha sauti kwa mashine ya tepu, kwa kuwa John Lennon alichoshwa na kuimba kila kitu mara mbili. Lakini mwendo wa tepu ile uliyumbishwa makusudi, kuchelewa kusitulie mahali pamoja, na wale mafundi walikuwa wakichanganya kwa mono kwanza, wakiisikia kila taksiri papo hapo.

Gitaa la pili halisi ni lile lililopigwa tena. Mkono haujirudii sawasawa: kila noti hutangulia au huchelewa kwa kiasi chake, nyuzi huhitilafiana kidogo, na mapengo hayapati pa kukaa. Hata hilo lina gharama, maana likijumlishwa hupanda takriban desibeli 3, ilhali mwimbaji aliye katikati hupanda 6, hivyo magitaa yatarudi nyuma kidogo. Hasara hiyo naikubali.

Mengine ni mafupi. Mrudishe mpiga gitaa. Kama anaweza, abadili gitaa au apige kodi zile zile juu zaidi kwenye shingo, na atyuni kabla ya kila duru. Bora zaidi, afuate desturi ya bendi za dansi, ambamo gitaa la solo na la rithim kila moja lina njia yake, wala kujumlisha hakufuti visivyofanana. Ukirekodi kwa maikrofoni mbili, kumbuka kuwa sentimita 34 za tofauti ni milisekunde 1, na kitufe cha Ø hakifupishi masafa hayo: sogeza maikrofoni. Kama traki ni moja tu na mwenyewe amesafiri, iache katikati, au itie upande mmoja na mwangwi mdogo upande wa pili.

Na wewe unayekusudia kuniuliza tena, nakusihi ubonyeze kwanza kitufe cha mono, uusikilize wimbo mpaka mwisho, ndipo uje.