Mama Akienda Shambani, Mtoto Mchanga Anakunywa Nini?

Akina mama na akina bibi wa Karagwe na Kyerwa, leo tuna neno la kuzungumza pamoja. Tutasema habari za kikombe kimoja cha maziwa tu. Lakini ndani ya kikombe hicho mna uzima wa mtoto, na tena mna amani ya nyumba.

Mama, jitazame mwenyewe. Ulijifungua miezi mitatu iliyopita. Siku za kukaa ndani na kutunzwa zimekwisha. Sasa kahawa imeiva, nayo haingoji mtu. Au mvua imenyesha, na maharagwe yataka kupandwa. Au una meza yako ya nyanya sokoni Omurushaka. Au wewe ni mwalimu, na likizo yako ya uzazi imefika mwisho. Basi asubuhi unamfunika mtoto vizuri, unamkabidhi kwa mama mkwe au kwa jirani, unashika njia. Ukifika mbele kidogo unageuka kutazama nyuma. Moyo wako unauliza: Leo atakunywa nini?

Jioni unarudi, kifua kimejaa maziwa mpaka kinauma. Bibi anakuambia, "Amelia sana leo. Kikombe chako amekikataa. Nimempa uji mwepesi kidogo, ndipo akalala." Wewe unanyamaza, maana si desturi yetu mke wa mwana kumjibu mama mkwe. Lakini usiku huo usingizi hauji.

Tusimlaumu bibi upesi. Yeye ndiye aliyebaki peke yake na kilio cha mtoto mchana kutwa, na dawa ya kilio aliyoizoea ni uji. Tena ndiye aliyemlea mume wako mpaka akawa mtu mzima. Wala tusimlaumu mama, maana jembe lake ndilo linalolisha nyumba. Kosa ni hili: wawili hawa hawakukaa chini wakapatana kabla ya siku ya kwanza. Mtoto analelewa na mikono minne, lakini kila mikono miwili ina mafundisho yake.

Kwa nini maziwa ya mama peke yake?

Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu hufundisha jambo moja. Tangu kuzaliwa mpaka atimize miezi 6, mtoto apewe maziwa ya mama tu. Asipewe uji, wala maziwa ya ng'ombe, wala maji. Dawa aliyoandikiwa na mganga wa zahanati haikatazwi. Baada ya miezi 6 aanze chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wasiotimiza miezi 6, kama 64 walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake. Wale wengine walikuwa wamekwisha anza kupewa kitu kingine.

Bibi atauliza, "Je, hata maji? Mtoto haoni kiu?" Haoni, kama ananyonya vizuri. Katika maziwa ya mama, karibu sehemu 88 katika 100 ni maji, nayo ni safi kuliko maji ya kisimani. Hata siku ya jua kali yanamtosha.

Uji je? Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Likijazwa uji, mtoto hanyonyi tena sawasawa. Na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa yake. Baada ya wiki mbili mama analalamika, "Maziwa yangu yamekauka." Hayakukauka bure; uji ndio uliochukua nafasi yake.

Maziwa ya ng'ombe? Ng'ombe wetu wenye pembe ndefu ni wazuri, lakini maziwa yao yaliumbwa kwa ndama. Ni mazito kwa figo za mtoto mchanga, na madini ya chuma yanayoongeza damu ni machache ndani yake. Yakiwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu, au ugonjwa ule unaowatupisha ng'ombe mimba. Asali nayo asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka 1, hata ya kulambishwa, maana yaweza kuwa na sumu ambayo tumbo lake haliwezi kushindana nayo. Na rubisi asionjeshwe hata kwa ncha ya kidole.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera mwaka 1983, na akina bibi wengi wa kwetu wanajua ni wajukuu wangapi waliowalea kwa sababu hiyo. Siku hizi mama mwenye virusi, akimeza dawa zake kila siku na kufuata kliniki, ananyonyesha mtoto wake. Lakini katika miezi 6 ya kwanza, kuchanganya maziwa ya mama na uji au maziwa ya ng'ombe huongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Sasa bibi, huenda hujui siri ya mke wa mwanao wala ya jirani yako, na si lazima uijue. Ukishika sheria hii moja kwa kila mtoto unayeachiwa, umekwisha mlinda bila kuuliza. Kwa sababu hiyo hiyo usimtulize kwa ziwa lako, wala la jirani.

Mama, haya uyatengeneze kabla ya kuondoka

Usingoje siku ya safari. Anza kujifunza kukamua maziwa wiki moja au mbili mbele. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mfuniko, kilichooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka. Weka kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini yake, nyuma ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kidogo kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata vijiko vichache tu. Usikate tamaa, yataongezeka.

Siku ya kwenda kazini, kamua karibu na saa ya kuondoka, kisha mnyonyeshe mtoto mpaka ashibe. Kiasi gani kibaki nyumbani? Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa kadiri ya mililita 750 mchana na usiku. Basi ukiwa mbali kwa muda wa saa 5, mililita 150 hivi zitamfaa, yaani kikombe cha chai kisichojaa sana.

Kifunike, ukiweke kivulini, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Hapo maziwa yatakaa salama kwa muda wa saa 4. Mwenye friji aweza kuyaweka humo mpaka siku 4. Kama huna friji na kazi yako ni ya siku nzima, rudi mchana unyonyeshe, au mtoto aletwe shambani na mtu mzima. Kama haiwezekani, kamua tena hapo ulipo mchana, uyatume nyumbani. Hata usipoweza kuyatuma, kamua vivyo hivyo, ili kifua kisiuke na maziwa yasipungue. Wako wanaosema kwamba maziwa ya mama aliyeshinda juani yamechacha kifuani. Si kweli. Osha jasho, keti, mnyonyeshe.

Ninyi mlioajiriwa, jueni haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kama amezaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Tena inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Iombe nafasi hiyo kwa heshima, wala usione haya.

Bibi, haya ndiyo ya kwako

Utakapofunua kikombe utaona mafuta yamepanda juu, na maziwa ya chini ni mepesi kama maji. Usiyamwage! Hayakuharibika. Ndivyo yalivyo maziwa ya mama yakitulia. Yazungushe taratibu yachanganyike. Ukitaka kuyapasha moto kidogo, simamisha kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyatie jikoni.

Nawa mikono. Mpakate mtoto akiwa ameinuka, si amelala chali. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yaguse tu. Atatoa ulimi alambe mwenyewe. Usimmiminie, asije akapaliwa. Akifunga mdomo, ameshiba. Yaliyobaki mpe tena kabla ya saa 2 kupita. Baada ya hapo yamwagwe. Na chupa ya kunyonya iacheni dukani. Ile chuchu yake ya mpira ni vigumu kuisafisha, na uchafu wake huleta kuhara.

Je, akikataa kikombe? Usimlazimishe, wala usikimbilie uji. Watoto wengi hukataa siku za kwanza, maana wanamtaka mama. Jaribu mapema, kabla hajaanza kulia kwa njaa. Mfunike kwa kanga ya mama yake. Mbebe mgongoni utembee naye mgombani, kisha jaribu tena. Tena si kila kilio ni njaa. Tazama kama amelowa, au anaona baridi, maana asubuhi za kwetu zina ukungu.

Wako watoto wanaokunywa kidogo sana mchana, kisha wananyonya usiku karibu kucha. Huo si ugonjwa. Kama mtoto ni mchangamfu, anakojoa mara 6 au zaidi mchana na usiku, na uzito wake unapanda kila akipimwa kliniki, basi anashiba. Mama, vumilia usiku huo, maana ndipo mtoto anapojilipa deni la mchana.

Lakini zishikeni dalili hizi kichwani: mtoto hawezi kabisa kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, amelegea na haamki, anapumua mbio au kifua kinabonyea, mwili ni wa moto au umepoa sana, hakojoi. Bibi, ukiona hata moja tu, usingoje mama arudi. Mchukue zahanati saa ile ile. Akihara, aendelee kupewa maziwa ya mama, naye apelekwe zahanati apate chumvi maalumu ya maji na vidonge vya zinki.

Tena jambo moja. Mtoto wa miaka minane asiachiwe kichanga. Ana mapenzi, lakini hana akili ya kuona hatari.

Na baba je?

Baba, usiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Pesa ya kahawa inunue sabuni na kikombe chenye mfuniko. Maji ya kunawa yawepo nyumbani. Na zaidi ya yote, wewe ndiye mwana wa bibi huyu. Neno lako kwake halichomi kama neno la mkeo. Jioni moja, kabla ya mkeo kurudi kazini, waite wote wawili mkae pamoja.

Na wewe mama, siku hiyo piga magoti kama desturi ilivyo, umwambie hivi: "Mama, wewe umelea wengi, mimi ndiyo kwanza naanza. Nakuomba unisaidie. Kliniki wametuagiza apewe maziwa haya peke yake mpaka miezi 6. Nitayaacha kikombeni kila siku. Akilia sana, mtume mtu aniite, nitakuja." Ni bibi gani atakayeombwa kwa heshima namna hiyo akakataa? Kisha siku ya kwanza nenda naye kliniki, asikie mwenyewe kwa muuguzi. Lililotoka kinywani mwa muuguzi halitaonekana kuwa ubishi wako.

Wala bibi asidhani kwamba amenyang'anywa mjukuu. Saa yake inakuja. Miezi 6 ikitimia, ndiye atakayeponda ndizi zilizoiva jikoni. Lakini hapo pia asimpe ndizi peke yake. Azichanganye na maharagwe yaliyopondwa, au dagaa waliosagwa, au karanga, au yai, na mboga za majani. Ndizi tupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Mwaka 2022, watoto kama 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 katika Tanzania walikuwa wamedumaa, ingawa mkoa wetu ni nchi ya migomba mingi. Kwa hiyo uji wa bibi haukukataliwa. Unangojwa tu.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Lakini mikono mingi isiyopatana nayo humwangusha. Basi patana na bibi leo, mama, kabla ya jembe la kesho. Ukiondoka asubuhi utageuka kutazama nyuma vile vile, maana ndivyo moyo wa mama ulivyo. Lakini utajua mtoto atakunywa nini, na ni nani atakayemnywesha.