Hundi ya Msafiri na Sahihi ya Mama

Baada ya darsa ya akina mama huko Msambweni, wenzake walipokwisha kukunja mikeka na kwenda zao, alibaki mama mmoja aliyekuwa na swali. Alisema hivi: "Sheikh, mimi na dada yangu twaenda Umra, inshallah. Mwanangu ataka fedha zangu za matumizi zibebwe na kiongozi wa msafara, kwa kuwa mimi, asema, nitazipoteza. Nami nilipokuwa nikitandika vitanda hotelini Diani, niliwaona wageni na zile karatasi za kutia sahihi mara mbili. Je, zipo bado? Na kwetu sisi ni halali?"

Tulimwahidi kumjibu katika ukurasa huu, maana swali lake ni la wengi. Tena swali hilo lilitugusa penye jeraha letu wenyewe, kama msomaji atakavyoona.

Karatasi alizoziona mama huyu ni hundi za wasafiri. Wakazi wa Diani na Ukunda waliozipita rika za ujana wanazikumbuka. Wageni wa mahotelini walikuwa nazo, na vilevile abiria wa meli za kitalii zilizotia nanga Kilindini, waliopewa siku moja au mbili za kushuka, wakavuka kivuko cha Likoni wakaja kutazama pwani yetu. Mtu anayezunguka bandari kumi kwa meli moja hawezi kubeba fedha za nchi kumi, wala si busara aache bunda la noti ndani ya chumba cha meli. Kwa hiyo alinunua hundi kwao kabla ya kuondoka, akalipa thamani yake yote pamoja na ujira mdogo wa kampuni. Palepale mbele ya karani akatia sahihi ya kwanza juu ya kila hundi. Sahihi ya pili aliiacha mpaka siku ya kutumia, naye huitia mbele ya macho ya anayempokea, ili mpokeaji alinganishe mikono miwili. Nambari za hundi aliziandika kwenye karatasi nyingine na kuiweka mbali. Hundi zikiibwa, hutoa taarifa, akatajie nambari zile, akarudishiwa mali yake. Mwizi aliyeiba hundi hizo ameiba karatasi tu, madhali hawezi kuuiga mkono wa mwenyewe.

Kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza iliuza noti za namna hii tangu mwaka 1874. Hundi kama tulizozijua sisi zilitolewa na American Express ya Marekani mwaka 1891, baada ya mkuu wake, J. C. Fargo, kurejea kutoka Ulaya akilalamika kwamba barua yake ya benki haikumfaa kitu nje ya miji mikubwa.

Lakini tusidhani kwamba wazo lenyewe ni la Wazungu. Neno letu hundi tumelipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nalo neno hawala ni Kiarabu kitupu. Fuqahaa waliijua suftaja tangu karne za mwanzo: mtu hutoa fedha katika mji mmoja, akapewa waraka, akalipwa katika mji mwingine, ili asizibebe njiani penye hatari. Imepokewa kwamba Abdullahi bin Zubayr alikuwa akipokea dirhamu za watu Makka, kisha akiwaandikia waraka kwa nduguye Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakalipwa huko. Ibn Abbas alipoulizwa hakuona ubaya. Ni kweli kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikataa mkopo unaoshurutishwa kulipwa mji mwingine, kwa kuwa mkopeshaji anajipatia salama ya njia. Ibn Qudama, katika Mahanbali, alijibu kwamba manufaa hayo ni ya pande zote mbili na hayamdhuru yeyote. Hundi ya msafiri haimpi mbebaji nyongeza yoyote, na ule ujira ni malipo ya kazi. Kwa hiyo hatuoni kizuizi kwa msafiri anayechunga mali yake.

Hata mahujaji waliwahi kupewa karatasi yao. Zamani Hijazi ilitumia riyali za fedha nyeupe, nzito kwelikweli mfukoni. Mwaka 1953 Shirika la Fedha la Saudia likatoa risiti za mahujaji za riyali 10, zikafuatwa na za riyali 5 na ya riyali 1. Watu walizipenda hata zikageuka kuwa fedha ya kila siku, mpaka noti rasmi zilipotolewa mwaka 1961.

Sasa tuseme habari yetu. Yapata miaka ishirini na mitano iliyopita tulikuwa vijana, ndiyo kwanza tumekabidhiwa kuwasaidia mahujaji wa upande huu. Alikuwemo mama mjane, aliyeweka akiba ya nazi na korosho msimu baada ya msimu. Kijana wake akatujia kuuliza: fedha za matumizi ya mama zichukuliwe vipi? Tukamwambia, kwa uhodari wa mtu asiyeulizwa mara mbili, anunue hundi za wasafiri. Akasema, "Lakini mama hajui kutia sahihi." Tukasema, basi tia wewe.

Wasomaji wameshang'amua. Kijana alibaki Kwale na mkono wake, mama akafika Jidda na hundi zenye sahihi ya mwanawe. Dukani kwa mbadilisha fedha alitazamwa yeye, ikatazamwa karatasi, akarudishiwa kwa adabu. Siku zote za safari ile mama yule alikula kwa mchango wa wenziwe, na mali yake imo mkobani. Hakununua hata tasbihi ya wajukuu bila kuomba. Hakutulaumu. Usiku mmoja Makka alituuliza tu, "Mwanangu, hiyo sahihi ni kitu gani hasa?" Tukamwambia ni kuandika jina lako kwa namna yako. Akaomba kalamu, akaandika jina lake na la babake kwa herufi za Kiarabu, hati safi ya mtu aliyesoma chuoni utotoni. Akasema, "Hili nalijua tangu sijavunja ungo. Hakuna aliyeniuliza."

Benki hailazimishi herufi za Kizungu. Sahihi ni alama ya mkono wa mtu, mradi ile ya pili ifanane na ya kwanza. Tulikuwa hatujui, na tulisema.

Turudi kwa mama wa Msambweni. Hundi zile zimekwisha zama zake. American Express imeacha kutoa mpya, ingawa za zamani bado hulipwa, na mwenye nayo kabatini asiitupe. Mahali pake pameshikwa na kadi za benki, zikiwemo zile zinazotiwa fedha kabla ya safari na kutumika mpaka ziishe. Chombo kimebadilika, ila shauri ni lilelile: kadi iwe na jina la mama, na nambari ya siri iwe ya mama. Vijana wetu wana mtindo wa kushika nambari za siri za simu za mama zao, hata M-Pesa ya mama inatumwa na mtoto, na huo wanauita msaada. Mali ya mwanamke ni yake, na Surat an-Nisaa aya ya 32 imelitaja fungu lake waziwazi. Tena mauti hayana miadi. Fedha za mama zikiandikwa jina la mwana, naye mmoja akafa safarini, nani atawatenganishia warithi? Kabla ya kuondoka aandike anachodai, anachodaiwa na alichonacho.

Asiweke yote mahali pamoja. Riyali chache za siku za kwanza ziwe katika mkanda wa ndani ya nguo, nambari ya kadi na simu ya benki ziwe kwenye karatasi ya mbali. Ibn Abbas ametuhadithia watu wa Yemen waliokwenda Hija bila masurufu wakisema wao wamtegemea Mungu, kisha wakawa wanaombaomba Makka, ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Baadhi ya viongozi wa misafara hupokea shilingi Ukunda na kuahidi riyali Makka kwa bei ya leo. Huo ni uuzaji wa fedha kwa fedha uliocheleweshwa, na hadithi ya Ubada bin Samit imetaka mkono kwa mkono zinapotofautiana jinsi. Ampe shilingi ziwe amana, zibadilishwe kwa bei ya siku ya kubadilishwa, au abadilishe mwenyewe dukani na aondoke na riyali zake.

Haya tulimweleza mama kwa simu kabla ya kuyaandika. Jumatatu alikwenda benki Ukunda, mwanawe akamsindikiza na kungoja nje. Kadi ameipata, na nambari ya siri hakumwambia mtu.