Kabla hujauza ng'ombe kumsomesha mtoto utabibu wa meno

NI saa nne asubuhi Kumsenga, wilayani Kibondo. Maharage yameanikwa kwenye turubai, na mwenye nyumba ananionyesha karatasi aliyokunja mara nne mfukoni. Ni fomu ya kujiunga na chuo. Binti yake aliyemaliza kidato cha nne anataka kusomea stashahada ya utabibu wa meno, miaka mitatu.

"Bwana shamba," ananiambia, jina ambalo nimekwisha kulizoea japo mimi ni mchumi wa kilimo, "niambie kama hii ni biashara au hasara."

Wengi huona aibu kuuliza hivyo, wakidhani elimu ya mtoto haipigiwi hesabu. Lakini mkulima huyu kila msimu hulinganisha bei ya mbegu na bei ya gunia, sioni kwa nini asifanye hivyo kwa ada.

Tuanze na kozi yenyewe. Anayeomba anatakiwa kuwa amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Vyuo vya serikali vinavyojulikana zaidi kwa fani hii viko Tanga na Mbeya, mbali na Kibondo, hivyo nauli si jambo la kupuuza. Udaktari kamili wa meno ni habari nyingine: unahitaji kidato cha sita, miaka mitano ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Ipo pia kozi ya ufundi wa maabara ya meno, wanaotengeneza meno bandia. Ni kazi nzuri, ila fundi huyo hutegemea madaktari wanaomletea oda, na hao wako mijini. Kwa anayetaka kurudi kufanya kazi Kibondo au Kasulu, mimi ningechagua utabibu, kwa sababu jino linalouma halisubiri mtu asafiri hadi mjini.

Sasa fedha. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba ada, chakula, chumba na nauli ni Sh2,500,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni Sh7,500,000. Ongeza vibarua watakaopalilia shamba alilokuwa akilipalilia binti. Gharama hiyo haimo kwenye fomu ya chuo, lakini mzee ataikuta msimu wa kwanza.

Zitoke wapi? Mzee alikuwa na wazo la kuchukua fedha kwa mfanyabiashara na kumlipa maharage wakati wa mavuno. Tukaketi na kalamu. Tuseme mfanyabiashara anakupa Sh20,000 leo kwa debe ambalo baada ya miezi minne litauzwa Sh30,000. Ukitaka Sh1,000,000 unaahidi madebe 50, ambayo wakati wa mavuno yana thamani ya Sh1,500,000. Umelipa nusu milioni kwa kutumia milioni moja kwa miezi minne. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuwahi kuiita riba kwa sababu hakuna aliyeitaja.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuwa nafuu zaidi, lakini nacho kimekusudiwa fedha inayorudi haraka. Ukikopa kwa asilimia 5 kwa mwezi, ukakaa mwaka mzima bila kulipa, Sh1,000,000 imezaa riba ya Sh600,000. Mikopo ya namna hii inafaa kununua mahindi na kuyauza Mabamba, haimfai mtoto atakayeanza kupata kipato baada ya miaka mitatu.

Hapa ndipo mkopo wa serikali unapobadilisha hesabu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa muda mrefu ilijulikana kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilifungua mlango kwa stashahada za vipaumbele, na utabibu wa meno na ufundi wa maabara ya meno vilikuwamo katika orodha ya fani za afya. Orodha hutolewa kwa mwongozo wa kila mwaka, basi usome wa mwaka unaoomba.

Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Maana yake ni kwamba binti akikaa miaka miwili bila kazi, deni hili halivimbi kama la kikundi. Na kukaa bila kazi si hadithi ya kutishana. Mwaka 2016 ajira serikalini zilisitishwa wakati wa uhakiki wa watumishi, na wahitimu wa afya walirudi nyumbani na vyeti vyao.

Tuseme amepata kazi serikalini kwa mshahara wa Sh700,000, kiwango cha mfano. Mfuko wa pensheni asilimia 5, Sh35,000. Kodi ya mapato Sh49,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh21,000. Bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara, Sh105,000. Anabaki na Sh490,000. Kama alikopa Sh6,000,000, atamaliza kulipa kwa miezi 58, karibu miaka mitano. Katika miaka hiyo asitegemewe sana kusomesha wadogo zake, na ni vema wazazi wakalijua hilo mapema.

Jambo moja nimelionja mwenyewe. Niliposaini mkopo wangu wa chuo, makato yalikuwa asilimia 8. Sheria ikabadilishwa mwaka 2016, yakawa 15, nami nilikuwa nimeshapanga matumizi yangu kwa 8. Anayesaini leo asidhani masharti yameandikwa kwenye jiwe.

Kwa vyuo binafsi, hakikisha kwanza kwamba chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, kisha uulize kama wahitimu wake wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila usajili huo hata kliniki binafsi haiwezi kumwajiri, na ng'ombe atakuwa amekwisha kuuzwa.

Mzee alikuwa na ng'ombe wanne na ekari mbili bondeni ambazo jirani alikuwa amezitolea bei. Tulipomaliza aliamua bonde lisiguswe, kwa kuwa ndilo litakalowalisha nyumbani binti akisubiri ajira. Atauza ng'ombe mmoja kwa nauli na mahitaji ya kuanzia, na mengine yatategemea mkopo. Kikwazo kikawa cheti cha kuzaliwa cha binti, ambacho lazima kihakikiwe na RITA kabla ya kuomba. Kilikuwa na herufi moja tofauti na cheti cha shule. Kesho yake asubuhi, kabla sijaondoka, walikuwa wameshapanda pikipiki kwenda Kibondo mjini kulishughulikia.