Umeme Mbili Katika Nyumba Moja

Huko Marekani watu wengine husafiri kwa motokari kubwa yenye vitanda na jiko, kama nyumba. Ndani mna jenereta, yaani mashine ya kutoa umeme. Wakifika kambini, huunga waya wa kambi.

Je, umeme wa mashine na wa kambi waweza kuchanganywa? Hapana! Umeme huo huenda na kurudi mara 60 kila sekunde. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja bila kufuatana, michi hugongana. Ndivyo mashine huharibika. Tena umeme waweza kutoka nje kwa waya, ukamwua fundi anayedhani waya hauna umeme.

Kwa hiyo hutiwa swichi ya kuchagua: ikifungulia umeme mmoja, huzuia wa pili.